Kuku wa Nyua Mbili: Najisi na Kijidudu Kusini mwa Maniema

Nguruwe na kuku waliachana zamani mno. Ukoo uliozaa mamalia na ukoo uliozaa ndege ulitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na leo hata miili yao haifanani: huyu ananyonyesha, yule anaatamia, joto la mwili wa nguruwe ni kama nyuzi 39 za selsiasi, la kuku hupita 41. Hata hivyo, daktari wa mifugo akipima kinyesi, pua au nyama ya hawa wawili, hukuta majina yale yale: Salmonella, Campylobacter, Escherichia coli, Pasteurella multocida, Staphylococcus aureus, Erysipelothrix rhusiopathiae. Kwa daktari hilo ni jambo la tiba. Kwa mtu ambaye dini yake imemwambia kwamba nguruwe ni najisi na kuku ni halali, linazua swali la zamani kuliko maabara: najisi ni kitu gani hasa, na je, humfuata kijidudu?

Swali hili lina uzito wake Kasongo na Kabambare. Kusini mwa Maniema ndiko Uislamu wa Kongo ulikoota mizizi. Kasongo ilikuwa ngome ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, katika miaka ya 1870 na 1880. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe. Majeshi ya Dhanis, ofisa wa Kibelgiji, yaliitwaa Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, utawala wa Waarabu na Waungwana, wafuasi wao Waafrika, ukaanguka, lakini dini na lugha vilibaki. Kisha wakaja mapadri, na mwaka 1959 Kasongo ikawa jimbo kamili la Kanisa Katoliki. Basi Mwislamu na Mkristo wanakaa mtaa mmoja, na mara nyingi ukoo mmoja. Kwa Mkristo, nguruwe, au ngulube kama wasemavyo wengi mashariki mwa Kongo, ni akiba ya karo ya shule. Kwa mwenziwe ni najisi nzito. Wala si Waislamu peke yao wanaomwepuka: Wasabato hawamli, na waumini wa Kanisa la Kimbangu hawamli. Kuku ni wa wote. Kuku wa kienyeji hafungwi. Asubuhi hufunguliwa akaenda zake, akaparua palipo na funza, pawe ni jaani au chini ya zizi la jirani, na jioni akarudi kulala nyumbani kwake. Nyua zina wenyewe, lakini yeye hana habari nazo.

Kwanza lichunguzwe jina, maana jina moja linaweza kuficha mengi. Salmonella enterica huhesabiwa kuwa spishi moja, lakini ndani yake zimetambuliwa aina zaidi ya 2,500. Aina iitwayo Gallinarum imezoea ndege, na nje ya ndege haina nguvu. Choleraesuis ni ya nguruwe, ingawa ikimpata binadamu huweza kumwingia damuni. Typhimurium na Enteritidis hazichagui sana mwenyeji. Kwa E. coli tofauti ni kubwa zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walilinganisha bakteria watatu wa jina hilo: mmoja wa maabara asiyedhuru, mmoja wa kuharisha damu, na mmoja wa ugonjwa wa njia ya mkojo. Katika jumla ya protini zote zinazoandikwa na jeni za hao watatu, ni asilimia 39.2 tu walizokuwa nazo wote. Mtu akisema kwamba nguruwe na kuku wana E. coli, bado hajasema kwamba wana kitu kimoja.

Tena mambo huenda kinyume chake pia, vitu viwili vikawa vinaelekea kuwa kimoja. Campylobacter jejuni hukaa zaidi kwa kuku, Campylobacter coli zaidi kwa nguruwe. Mwaka 2008 Samuel Sheppard na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba spishi hizi mbili, zilizokwisha kutengana, zilikuwa zinarudi kuchanganyika, jeni za jejuni zikiingia ndani ya coli. Maelezo waliyoyapendekeza ni ufugaji: binadamu aliwaweka pamoja wanyama ambao porini hawakukaa pamoja, na vijidudu vyao vikapata pa kukutania. Hilo linawezekana kwa sababu bakteria hurithi kwa mzazi, tena hurithi kwa jirani. Hupokezana vipande vya DNA, hasa vile viduara viitwavyo plasmidi, hata baina ya spishi na spishi. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza jeni waliyoiita mcr-1, yenye kumpa bakteria usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka akiba ya mwisho na ambayo wafugaji walikuwa wakiichanganya katika chakula cha nguruwe. Jeni hiyo ilikuwa ndani ya plasmidi, na waliikuta kwa nguruwe, katika nyama ya nguruwe na ya kuku iliyokuwa ikiuzwa sokoni, na kwa wagonjwa waliolazwa.

Hapa lugha yenyewe inaweza kupoteza njia. Kiswahili husema «bakteria wa nguruwe» kama kisemavyo «mtoto wa nguruwe» na «nyama ya nguruwe». Kiunganishi ni kimoja, uhusiano ni mbalimbali. Nyama ya nguruwe ni sehemu yake. Mtoto wa nguruwe ametoka kwake. Bakteria wa nguruwe ni mpangaji tu, na huenda alihamia jana. Louis Pasteur aliligusa jambo hili mapema. Alipokuwa akitafuta chanjo ya ugonjwa wa madoa mekundu wa nguruwe pamoja na Louis Thuillier, katika miaka ya 1882 na 1883, aliona kwamba kijidudu chake kikipitishwa mwilini mwa njiwa, mmoja baada ya mwingine, kilizidi ukali kwa nguruwe, na kikipitishwa kwa sungura kilipungua ukali kwa nguruwe. Yaani ubaya wa kile kijidudu «cha nguruwe» ulikuwa unaandikwa njiani, ndani ya wanyama ambao mlaji wao hana wasiwasi nao.

Lililo gumu zaidi kulikubali ni kwamba njia hiyo huanzia pia kwa binadamu. Uchunguzi wa jeni za Staphylococcus aureus uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba aina inayowasumbua kuku wa biashara pande nyingi za dunia ilitoka kwa watu, ikawarukia kuku miaka kama 40 hivi kabla ya hapo. Mwaka 2012 ikaonyeshwa habari ya namna hiyo kwa aina iitwayo CC398, maarufu kwa nguruwe wa Ulaya: ilikuwa ya binadamu na ikitibika, ikaingia kwa mifugo, ikajifunza huko usugu wa dawa, kisha ikarudi kwa wenyewe. Ikiwa uchafu huu una asili, basi katika visa hivi viwili asili yake ni mkono wa mfugaji.

Sasa swali la dini. Jibu linalosikika mara nyingi, misikitini na makanisani, ni kwamba nguruwe alikatazwa kwa sababu ya maradhi. Si jibu jipya. Musa bin Maimuni, tabibu na mwanasheria wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwamba nguruwe hukatazwa kwa uchafu wake na wa chakula chake, na kwamba angeruhusiwa, masoko na nyumba zingekuwa chafu kuliko choo. Mwaka 1860 Friedrich Zenker, huko Dresden, alipothibitisha kwamba mnyoo wa trikinela unaokaa katika misuli ya nguruwe unaweza kumuua mlaji, hoja hiyo ilipata shahidi wa darubini, na tangu hapo haijakosa wahubiri.

Ni hoja dhaifu, na udhaifu wake unaonekana pale anapoingizwa kuku. Kama sababu ni kijidudu, nguruwe aliyepimwa, akaonekana mzima na akapikwa vizuri, angekuwa halali. Na kuku, ambaye duniani kote ni mmoja wa wabebaji wakubwa wa Salmonella na Campylobacter wanaowaharisha watu, angepaswa kuwa haramu kabla ya wengi. Hakuna mwanazuoni anayekubali matokeo hayo, na asiyekubali matokeo ya hoja hana budi kuiacha hoja yenyewe. Anayeitetea sharia kwa maabara ameipa maabara haki ya kuifuta.

Njia nyingine ilitokea Kongo hii hii. Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alianza utafiti wake kwa Walele wa Kasai mwaka 1949, akawaona watu wanaopanga wanyama wa maji, wa msitu na wa nyumbani kwa mipaka mikali. Katika kitabu chake Purity and Danger cha 1966 alidai kwamba makatazo ya Mambo ya Walawi si kanuni za afya bali ni ramani ya viumbe. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui, kwa hiyo hakai sawasawa katika fungu lolote, na kisichokaa katika fungu lake ndicho kinachoitwa najisi. Baadaye mwenyewe aliirekebisha hoja hiyo. Tena haiingii moja kwa moja katika Uislamu, kwa kuwa Kurani haimhukumu nguruwe kwa kucheua wala kwa kwato. Katika sura ya sita, aya ya 145, inamtaja nguruwe kuwa ni uchafu, na kwa mwenye imani hapo pametosha. Lakini jambo moja la Douglas linabaki: mipaka ya najisi ilichorwa kwa kumtazama mnyama mzima, jina lake na mahali pake mbele ya Mungu na watu. Wapangaji wa tumboni mwake hawakuulizwa.

Wanazuoni wa fikihi walikuwa na zana nzuri zaidi ya kulieleza hili, nayo ni tofauti kati ya illa na hekima. Illa ni alama iliyo wazi ambayo hukumu huifuata. Hekima ni faida inayodhaniwa kuwa nyuma yake. Msafiri hupunguza swala kwa sababu ya safari. Mashaka ya njiani ni hekima, na safari ndiyo illa. Ndiyo maana aliyekaa raha mustarehe ndani ya ndege hupunguza, na mchukuzi aliyechoka mjini kwake hapunguzi. Kwa nguruwe, afya inaweza kuhesabiwa hekima, moja kati ya nyingi, lakini illa ni kule kuwa nguruwe. Kijidudu kikiongezeka au kikipungua, hukumu haisogei.

Fikihi ya Imamu Shafi, ambayo Waislamu wa Maniema waliipokea kama wenzao wa pwani, ina kipengele kinachogusa jambo hili kwa karibu ajabu. Najisi hutambulikana kwa rangi, ladha na harufu. Ile ambayo jicho la kawaida haliioni, kwa mfano ile inayobebwa na nzi miguuni, husamehewa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliliweka hilo katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi katika nchi za Waswahili. Wanazuoni hao hawakuwa na darubini, lakini walikwisha kuamua kwamba sharia isikimbizane na kisichoonekana, la sivyo hakuna maji ambayo yangefaa kwa udhu wala nguo ambayo ingefaa kwa swala. Bakteria, kwa udogo wake, yuko nje ya macho ya sheria hiyo.

Jeni iko mbali zaidi. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa jeni imetoka kwa bakteria wa nguruwe ikaingia kwa bakteria wa kuku, je, kuku amechukua kitu cha nguruwe? Hapo wanazuoni wangekumbuka mlango wa istihala, kugeuka kwa najisi kuwa kitu kingine. Mashafi wameuacha mwembamba: pombe ikigeuka siki yenyewe hutoharika, ngozi ya mzoga hutoharika kwa kudibaghiwa, ya mbwa na nguruwe haimo. Wahanafi, wa madhehebu nyingine ya fikihi, wameupanua. Lakini swali lenyewe halifiki hata mlangoni. Jeni si mnofu unaokatwa hapa ukabandikwa pale. Ni maandishi yanayonakiliwa. E. coli akipata joto na chakula cha kutosha hugawanyika kila dakika 20, na baada ya siku moja karibu kila mmoja wa uzao wake hana hata chembe ya yule wa kwanza. Kilichosalia ni mpangilio wa herufi. Najisi ni sifa ya aini, kitu chenye mwili. Jeni ni habari, na habari haioshwi kwa maji wala kwa udongo.

Kuna mahali pamoja tu ambapo fikihi na elimu ya vijidudu hutazama kitu kimoja, na kitu hicho ni kuku. Mnyama wa halali anayekula kinyesi na uchafu mwingi huitwa kwa Kiarabu jalala. Sikio la Kiswahili hulisikia neno hilo kama jaa la taka, na safari hii sikio halikosei sana. Hadithi zimekataza nyama na maziwa ya mnyama huyo. Upande wa pili, Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea kisa cha Abu Musa al-Ash'ari, sahaba wa Mtume: aliandaliwa kuku, mtu mmoja akajitenga kwa kuwa aliwahi kuona kuku wakila uchafu, naye Abu Musa akamwita asogee, akimwambia kwamba Mtume mwenyewe alimla kuku. Kati ya mapokezi hayo mawili wanazuoni walichora mstari. Wamaliki waliruhusu. Mashafi wengi walisema ni makuruhu, Wahanbali wakakaza zaidi. Waliomzuia walitoa na dawa: afungwe, alishwe chakula safi mpaka harufu iondoke, na Ibn Umar, sahaba mwingine, anatajwa kwamba alikuwa akiwafungia kuku siku tatu.

Kuku wa Kasongo anayeparua chini ya zizi la nguruwe ni jalala wa wazi, iwapo kinyesi ndicho chakula chake kikubwa, na ufugaji wa huria haufikishi kuku wengi hapo. Zile siku tatu zinafanya nini? Zinasafisha utumbo wa kinyesi alichokula na kuondoa harufu katika nyama. Kijidudu haziondoi. Kuku aliyeambukizwa Salmonella anaweza kuitoa kwa wiki nyingi, na Campylobacter ikishamwingia kuku wa nyama kwa kawaida hukaa naye mpaka siku ya kuchinjwa. Kwa hiyo hata pale ambapo sharia na tiba zinaamuru tendo moja, kumfungia kuku, kila moja inapima kitu chake. Sharia inapima kwa pua na ulimi, na siku tatu zikipita imeridhika. Tiba bado ina shaka. Wala hakuna kosa hapo, ila kwa anayedhani kwamba ridhaa ya mmoja ni ridhaa ya mwingine.

Ni kiasi gani cha vijidudu hivi huvuka kweli kutoka mnyama hadi mnyama katika ua wa Kiafrika? Kazi kubwa iliyofanywa karibu ni ya Nairobi, katika mradi wa UrbanZoo: familia 99, bakteria 1,338 wa E. coli kutoka kwa watu, mifugo na wanyama wa porini waliozoea makazi, wote wakasomwa jeni zao nzima, matokeo yakatoka mwaka 2022. Ilionekana kwamba nyumba ndiyo inayotawala mgawanyo wa bakteria, pamoja na aina ya mnyama. Kuvuka kutoka nyumba hadi nyumba, na kutoka mnyama hadi mtu, kulikuwapo lakini kwa uchache zaidi. Jeni za usugu zilifuata njia nyingine, kulingana na dawa ambazo watu na wanyama walizitumia kwa pamoja. Nairobi si Kabambare, ambako nyumba hazijabanana hivyo na dawa za mifugo ni chache. Hata hivyo mtu anayetaka kujua kuku wake amebeba nini anapaswa kuanza kutazama ndani ya ua wake, na ndani ya kikopo chake cha dawa, kabla ya kutazama zizi la jirani.

Jambo hilo lina upande wa haki, na si upande mdogo. Mwezi Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Penye imani mbili katika mtaa mmoja, nguruwe anaweza kuwa chanzo cha moto. Hoja ya maradhi humpa mgomvi silaha mpya, kwani sasa anaweza kusema kwamba mnyama wa mwenzake anamuua mtoto wake. Ushahidi wa Kongo unakataa urahisi huo. Salmonella inayoingia damuni na kuua watoto wengi nchini, hasa wenye malaria na utapiamlo, ni zaidi ya ukoo wa Typhimurium uitwao ST313. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Kinshasa na wenzao wa Ubelgiji na Uingereza walieleza tawi lake lililotokea Kongo, lenye usugu dhidi ya dawa karibu zote zinazopatikana, na lenye dalili za kuzidi kumzoea binadamu. Wengi katika wataalamu wanaona kwamba ukoo huo huenea hasa kati ya mtu na mtu. Mama anayemtafuta mkosaji kwenye banda la jirani huenda anamtafuta mahali pasipo pake.

Kilichobaki ni cha jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumnyonyoa kuku na kumpasua. Kisu na kibao vilivyotumika kwa nyama mbichi visitumike kwa mboga ya kuliwa mbichi. Nyama iive hata kwenye mfupa. Shirika la Afya Duniani linataka joto la nyuzi 70 lifike katikati ya kipande, na kwa joto hilo Salmonella na Campylobacter hufa, aina zote, bila kuulizwa zilikaa tumboni mwa nani. Baada ya hapo nyama ya nguruwe ni haramu kwa Mwislamu kama ilivyokuwa, na kuku aliyechinjwa kwa sharia ni halali kama alivyokuwa.